Sarufi ya Kiswahili ndani ya makosa ya Kiingereza

Sentensi kama "The book which I bought it is lost" hupigiwa mstari mwekundu katika madarasa ya Kiingereza kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na aliyeiandika hurudishiwa daftari bila maelezo zaidi ya kwamba neno "it" halitakiwi. Alama hiyo ni ya haki, kwa kuwa Kiingereza sanifu hakiruhusu kishazi rejeshi, yaani kishazi kinachofafanua nomino iliyokitangulia, kuitaja nomino hiyo mara ya pili kwa kiwakilishi. Kinachopita bila kutazamwa ni kwamba mwandishi wa sentensi hiyo hakubahatisha: amefuata kanuni, tena kwa uangalifu, ila kanuni yenyewe ni ya lugha nyingine. Katika neno "nilichokinunua" kitabu kimetajwa mara mbili, kwanza kwa kirejeshi "-cho-" na kisha kwa kiambishi cha shamirisho "-ki-", na hakuna Mswahili anayeona ziada humo. Ile "it" iliyokatwa kwa wino mwekundu ni "-ki-" iliyovuka mpaka.

Wanaisimu wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1957 Mmarekani Robert Lado alichapisha kitabu kilichoweka misingi ya uchanganuzi linganishi, yaani njia ya kuziweka lugha mbili bega kwa bega ili kuona zinapofanana na zinapotofautiana, akiamini kwamba penye tofauti ndipo mwanafunzi atakapokwama. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, Pit Corder wa Uingereza aliandika makala fupi iliyoutazama mwelekeo huo kwa jicho jingine, akitenganisha kuteleza, ambako hata mzawa wa lugha huteleza akichoka au akiharakisha, na kosa la kweli, ambalo hujirudia kwa sababu linatokana na kanuni iliyokwisha kujengwa kichwani mwa anayejifunza. Naye Larry Selinker, mwaka 1972, aliipa jina hali ya mtu aliyekwishaondoka katika lugha yake lakini hajaifikia ile anayoitafuta: mtu huyo ana lugha ya kati, yenye sarufi yake, na baadhi ya sehemu za sarufi hiyo zinaweza kugandamana zisibadilike hata baada ya miaka ya kusoma na kuandika.

Mawazo hayo hufundishwa katika vyuo vya ualimu, lakini ni machache yanayofika darasani. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, masomo yamefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, kisha mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza hukuta karibu kila somo likifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anaanza kuandika majibu ya biolojia na historia kwa lugha ambayo sarufi yake bado anaijenga. Nchini Kenya mabadiliko hayo hutokea mapema zaidi, katika madarasa ya kati ya shule ya msingi. Kote kuwili mzazi na mwalimu hukubaliana kwa urahisi kwamba dawa ni kukifukuza Kiswahili katika eneo la shule, na imani hiyo ina historia ndefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa fikra, alieleza jinsi watoto walionaswa wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa bamba shingoni. Lakini kanuni ya "-ki-" haiachwi getini pamoja na sauti. Mtoto anaweza kunyamaza Kiswahili siku nzima huku sarufi yake ikiendelea kumpangia kila sentensi ya Kiingereza anayoiandika, na mwalimu asiyeijua sarufi hiyo atabaki akipambana na kivuli.

Mfano ulio wazi kuliko yote huenda ni wa kuazima. Kitenzi hiki cha Kiswahili hutumika pande zote mbili za shughuli: mtu huazima kalamu kwa jirani, na jirani huambiwa "niazime kalamu". Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa, ndiyo maana ombi la "borrow me your pen" husikika katika kila darasa la Afrika Mashariki. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanafunzi huyohuyo hapati tabu na mkopo wa fedha akiwa katika Kiswahili, kwa kuwa kukopa na kukopesha vimetenganishwa. Mwalimu anayesema kwamba "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha amemaliza somo kwa pumzi moja, na anayekataza Kiswahili darasani amejinyima pumzi hiyo.

Nyakati za vitenzi ndizo zenye mtego mpana zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kiambishi "-me-" hufundishwa kwamba ni sawa na "have" ya Kiingereza ikifuatwa na kitenzi cha hali timilifu, hivyo "nimekula" huwa "I have eaten", na mpaka hapo mambo ni shwari. Lakini "-me-" ina kazi ya pili ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, nayo ni kuonyesha hali iliyopo sasa kama matokeo ya tendo lililopita: amevaa, amelala, amesimama, amekaa, amechoka. Aliyevaa shati jekundu bado analo mwilini, na aliyelala bado yuko usingizini. Anayezifasiri hali hizi kwa mizani ileile ataandika "he has worn a red shirt" na "the baby has slept", na Mwingereza akisoma ataelewa kwamba shati liliwahi kuvaliwa siku fulani na kwamba mtoto amekwisha kuamka, wakati mwandishi alitaka kusema "he is wearing" na "the baby is asleep". Aidha, Kiswahili cha mazungumzo hukubali "nimemwona jana", ilhali Kiingereza kinakataa hali timilifu kuandamana na neno linalotaja muda uliokwisha kufungwa, kama vile jana au mwaka 2010. Kwacho ni "I saw him yesterday" tu.

Kiambishi "-na-" nacho hubeba mizigo miwili ambayo Kiingereza huibeba kwa mikono tofauti. "Anaandika" huweza kumaanisha kwamba yuko mezani sasa hivi, au kwamba uandishi ni kazi yake. Kiingereza hutenga tendo linaloendelea na tendo la kawaida, na zaidi ya hapo huvitenga vitenzi vya hali, kama vile kuelewa, kujua, kumiliki na kupenda, ambavyo kwa kawaida havipewi umbo la kuendelea. Kwa hiyo "I am understanding" na "she is having two children" si dalili za uvivu. Ni "-na-" inayotafuta umbo moja la kukaa. Inastahili kuongezwa kwamba Kiswahili kina "hu-" ya mazoea, kama katika "huandika", na mwalimu anayeanza na "hu-" kabla ya "-na-" huwa amempa mwanafunzi mlango wa kuingilia katika wakati wa kawaida wa Kiingereza.

Sentensi za masharti huleta kosa ambalo hata wasomi wa shahada hulibeba hadi kwenye tasnifu zao. Kiswahili hupenda ulinganifu: "ningejua, ningekuja", kiambishi kilekile katika vishazi vyote viwili. Kiingereza kwa upande wake huweka wakati uliopita katika kishazi cha sharti na "would" katika kishazi cha matokeo peke yake, na hivyo "If I would know, I would come" hurekebishwa kuwa "If I knew, I would come". Mpangilio wa Kiswahili ni mzuri zaidi kwa sikio, na haukosi mantiki, lakini uzuri huo hauuziki katika soko la Kiingereza sanifu.

Yapo makosa mengine ya namna hiyo ambayo hayahitaji maelezo marefu. "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" ni muundo uliozoeleka katika Kiswahili, nao huzaa "although he was sick, but he came", ilhali Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu kati ya hivyo viwili. Wachina nao hufanya kosa hilihili kwa sababu lugha yao ina jozi ya viunganishi inayofanana na hiyo. "Sijui yuko wapi" huzaa "I don't know where is he", kwa kuwa Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kati ya swali la moja kwa moja na swali lililofungwa ndani ya sentensi nyingine. "Mrefu kuliko mimi" huzaa "tall than me" bila "taller", kwa kuwa "kuliko" hufanya kazi yote ya ulinganisho na kukiacha kivumishi kama kilivyo. Nalo neno "yeye", ambalo halijali mwanamume wala mwanamke, humfanya hata mzungumzaji hodari achanganye "he" na "she" anapohutubia kwa haraka, jambo linalowashangaza wageni na wakati mwingine kuwaudhi wanaotajwa.

Jibu la swali la kukanusha lina uzito zaidi ya sarufi. Mswahili akiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo" akithibitisha kwamba hajala, kwani anaikubali kauli ya muulizaji. Mwingereza hujibu kwa kuangalia tendo lenyewe: kama hajala, husema "No". Mgonjwa anayeulizwa na daktari mgeni kama hajatumia dawa nyingine, naye akajibu "Yes", amesema ukweli kwa Kiswahili na kinyume chake kwa Kiingereza, na hakuna kati yao atakayegundua. Wajapani na Wachina nao hujibu kwa mantiki hiyohiyo ya Kiswahili, hivyo si haki kudai kwamba mantiki ya Kiingereza ndiyo ya maumbile. Njia salama ni kutoishia kwenye "yes" au "no" peke yake, bali kutaja tendo kwa ukamilifu: "No, I haven't eaten".

Vibainishi "a" na "the" vimewachosha wengi kwa sababu Kiswahili hakina maneno yanayolingana navyo, lakini ni kosa kusema kwamba Kiswahili hakina dhana ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana. "Nimenunua kitabu" ni taarifa kuhusu kitabu chochote kile. "Nimekinunua kitabu" ni habari ya kile ambacho msikilizaji anakijua. Vivyo hivyo, "yule mtoto" katika hadithi, kionyeshi kikiwa mbele ya nomino, hutumika panapohusika mtoto aliyekwisha kutajwa. Mwanafunzi anayo dhana tayari, na anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba mahali ambapo moyo wake ungeweka "-ki-" au "yule", Kiingereza huweka "the". Kanuni hiyo haimalizi mambo yote, kwa kuwa "the" ina mazoea yasiyoelezeka, ikiwamo kushikamana na majina ya mito na bahari huku ikiyakwepa majina ya maziwa, lakini inapunguza sana kubahatisha.

Vihusishi, yaani maneno madogo kama "in", "on" na "at", vina hadithi ya aina hiyo. Kiambishi tamati "-ni" katika "mezani" hakisemi kama ni juu ya meza au karibu nayo, na mwanafunzi hulaumiwa kwa kutoona tofauti. Ukweli ni kwamba Kiswahili huiona, ila huiweka mahali pengine: "nyumbani mna watu" huhusu ndani, "nyumbani pana watu" huhusu mahali mahususi, na "nyumbani kuna watu" huhusu eneo kwa ujumla. Kwa upande mwingine, "discuss about" hutoka moja kwa moja katika "kujadili kuhusu", na "emphasize on" katika "kusisitiza juu ya". Vitenzi hivyo vya Kiingereza hupokea shamirisho bila daraja la katikati.

Katika muundo wa sentensi nzima ndipo sarufi ya Kiswahili huonekana kwa ukubwa wake, na ni ajabu kwamba sehemu hii haipewi muda wa kutosha madarasani. Kosa linalowaudhi wahariri wa Kiingereza kuliko mengi ni la kuunganisha vishazi huru, yaani vishazi vinavyoweza kusimama peke yake kama sentensi, kwa mkato mtupu: "He woke up, he took a bath, he drank tea, he went to the farm." Kiingereza kinataka nukta, nuktamkato au kiunganishi. Mwandishi wa Kiswahili hana haja ya chochote kati ya hivyo, kwa kuwa anayo "-ka-": "Aliamka, akaoga, akanywa chai, akaenda shambani." Kiambishi hicho ndicho kiunganishi chenyewe, kimefichwa ndani ya kitenzi, na mkato ulio mbele yake ni pumzi tu. Sentensi ikivushwa kwenda upande wa pili, "-ka-" hudondoka njiani, mkato ukabaki peke yake ukibeba mzigo usioweza kuubeba. Mwanafunzi akielezwa kwamba kila "-ka-" inadai "and", "then" au nukta, ataanza kujisahihisha mwenyewe bila kusubiri wino wa mwalimu.

Kosa la pili la aina hiyo ni la kishazi kinachoning'inia. "Walking to the market, the rain started" husomeka kwa Kiingereza kana kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda sokoni, kwa sababu umbo la "walking" halina kiima, yaani mtenda wa tendo, na hivyo hukopa kiima cha kishazi kinachofuata. Kiswahili hakianguki kwa urahisi katika shimo hilo. Katika "nikiwa ninatembea kuelekea sokoni, mvua ilianza kunyesha", mtembeaji amefungwa ndani ya kitenzi kwa "ni-", na mvua haina namna ya kumpokonya miguu. Mwandishi aliyezoea usalama huo hajifunzi kwa urahisi kuuliza nani anayetenda, kwa kuwa lugha yake humjibu kabla hajauliza. Tiba ni kumrudishia mtenda wake: "While I was walking to the market, the rain started."

Lakini si kila kosa lina nasaba ya Kiswahili, na mwalimu anayekisingizia Kiswahili kila dosari anapotoka kama yule anayekifukuza. Jack Richards alionyesha mwaka 1971 kwamba makosa mengi hufanana kwa wanafunzi wenye lugha za asili tofauti kabisa, kwa kuwa hutokana na Kiingereza chenyewe: mtu hujifunza kanuni kisha huitumia kupita mipaka yake. "He didn't went" na "childrens" ni za kundi hilo, na watoto wa Kiingereza nyumbani kwao husema "goed" kabla ya kuzoea kabisa "went". Lipo pia suala la "-s" ya nafsi ya tatu, kama katika "she writes", ambayo huachwa hata na watu ambao lugha yao hupatanisha kitenzi na nomino kwa ngeli zaidi ya kumi. Mswahili hasemi "orodha ya vitabu vimepotea", anajua kwamba iliyopotea ni orodha, lakini ataandika "the list of books are lost" bila kusita. Hapa Kiswahili kingekuwa mwalimu bora kama kingeulizwa.

Yako vilevile makosa ambayo si makosa. Ushairi na nathari ya Kiingereza vilikuwa vikimaliza sentensi kwa vihusishi kwa karne nyingi kabla mshairi John Dryden hajalalamikia jambo hilo mwaka 1672, na katazo la kuingiza neno kati ya "to" na kitenzi lilisambazwa na vitabu vya karne ya 19, kikiwamo cha Henry Alford cha mwaka 1864. Mwanakamusi Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliyakejeli makatazo yote mawili, lakini bado yanafundishwa Afrika Mashariki kana kwamba yaliteremshwa pamoja na alfabeti. Muda unaopotea hapo ungetosha kufundisha "-ka-" na mkato.

Kuhusu namna ya kusahihisha, wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha hakuna faida na kuna madhara, akapendekeza kuachwa kabisa. Mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, na kwamba usahihishaji makini, wa makosa yanayofuata kanuni inayoelezeka, unaweza kusaidia. Mjadala huo umeendelea tangu hapo. Kwa mtazamo wa makala hii, hoja ya Ferris ndiyo inayoufaa ukanda huu, kwa kuwa makosa mengi ya Waswahili katika Kiingereza ni ya aina hiyo hasa: yana kanuni, inajulikana inakotoka, na huelezeka kwa sentensi moja.

Inafaa kukumbusha kwamba ulinganisho wa aina hii ulikwisha kufanywa kwa ajili ya wengine. Mwaka 1944 E. O. Ashton alichapisha sarufi ya Kiswahili kwa Waingereza, akiwaeleza kwa subira ni wapi mazoea ya lugha yao yangewapotosha, na kitabu hicho kimetumika kwa vizazi kadhaa. Mtoto wa kidato cha kwanza mjini Tabora anastahili subira hiyohiyo kutoka upande wa pili. Waandaaji wa vitabu vya kiada vya Kiingereza nchini Tanzania na Kenya wanaombwa watenge kurasa chache za mwanzo kwa ajili ya "-ki-", "-me-", "-na-", "-nge-" na "-ka-", zikiandikwa kwa Kiswahili. Na msomaji mwenye barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza, kabla hajaituma, aisome kwa sauti mara moja, aweke kidole kwenye kila mkato na kuuliza kama kilichofuata kingeanza na "-ka-".